Unaloa jasho usiku? Namna ya kuchagua mashuka kwa joto la Dodoma

Kuanzia Oktoba hadi mvua zishike Desemba, wateja wengi wanaokuja kushona mashuka kwangu huniuliza jambo moja: "Fundi, una shuka la baridi?" Hakuna shuka linalotengeneza baridi. Shuka zuri linaruhusu joto la mwili litoke na linanyonya jasho likauke upesi, basi. Sisi wa Dodoma tuna nafuu kubwa hapo, kwa sababu hewa yetu ni kavu. Jasho linakauka haraka kuliko Dar es Salaam au Tanga, na nje hupoa usiku ukiingia. Mtu anayeungua kitandani Dodoma, mara nyingi kitanda chenyewe ndicho kinachomzibia.

Kabla hujatoa hela, jiangalie kwanza. Kama jasho linakulowesha hata usiku wa baridi, tena una homa, kikohozi kisichoisha au unapungua uzito, nenda hospitali ukapimwe, kifua kikuu kikiwemo. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, na wanaotumia dawa za kisukari, nao wamweleze daktari. Shuka halitibu hayo.

Hatua ya 1: Funua godoro

Nikienda kupima kitanda cha mteja, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nailoni. Godoro lilinunuliwa zamani, lakini ile nailoni ya kiwandani bado imelizunguka ili lisichafuke. Juu yake limetandikwa shuka zuri la pamba. Jasho linapita kwenye shuka, linagonga nailoni, halina pa kwenda, linarudi mgongoni. Ivue leo. Ukihofia madoa, hasa kama unalala na mtoto, shona kava la pamba nzito lenye zipu, utakuwa unalivua na kulifua.

Godoro la sponji laini linalokumeza nalo hushika joto, kwa sababu linakukumbatia pande zote. La springi hupitisha hewa zaidi. Sikwambii ununue jingine. Kitambaa kinene cha pamba kati ya sponji na shuka kinasaidia.

Hatua ya 2: Jua uzi

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao. Shuka la satini ya poliesta linang'aa, linateleza, ukiligusa dukani linatoa ubaridi. Weka kiganja juu yake ukitulize dakika mbili tatu. Kiganja kitaanza kunata. Hivyo ndivyo mgongo wako utakavyokuwa saa nane usiku. Mikrofaiba ni poliesta vilevile, ila nyuzi zake ni nyembamba sana.

Unachotaka ni pamba tupu, au kitani kama mfuko unaruhusu. Maandishi ya kwenye pakiti usiyategemee peke yake. Mwombe muuzaji nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo, utoke nazo nje, uzichome kwa kiberiti. Pamba inawaka moja kwa moja, inanukia kama karatasi iliyoungua, na inaacha majivu ya kijivu yanayosagika kwa vidole. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Usikishike kabla hakijapoa. Ukipata majivu yenye chembe ngumu ndani, huo ni mchanganyiko. Muuzaji anayekukatalia uzi mmoja wa pindo, mwache na shuka lake.

Hatua ya 3: Angalia ufumaji

Pamba nayo hutofautiana. Ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu na mmoja chini, ndio unaopitisha hewa vizuri. Ule wa kisatini, ambao uzi unaruka nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, ni laini na unapendeza, lakini ni mzito na unashika joto zaidi. Weka tochi ya simu nyuma ya kitambaa: uone mwanga ukipenya sawasawa, bila matundu makubwa.

Idadi ya nyuzi kwenye inchi moja ya mraba, 200 hadi 400 inatosha kabisa. Usibabaishwe na pakiti iliyoandikwa 1000. Idadi hiyo mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu kila kijiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja. Rangi chagua uipendayo, gizani haiongezi joto.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya vipimo

Chukua godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8. Upana ni inchi 60, ongeza 16 za pande mbili, ongeza 8 za kuchomekea: 84, yaani futi 7. Urefu kwa hesabu hiyohiyo ni futi 8. Kwa hiyo 7 kwa 8 linakaa sawasawa. Lakini wenye 6 kwa 6 wananunua hilohilo, halafu linachomoka usiku kucha. Wao wanahitaji 8 kwa 8.

Tena pamba hujikunja ikifuliwa. Ikipungua asilimia 5, futi 7 zinapoteza inchi 4 hivi. Mimi huloweka na kukausha kitambaa kabla ya kukata. Mwulize fundi wako kama naye hufanya hivyo.

Hatua ya 5: Cha kujifunika na mto

Duveti la poliesta liweke kabatini hadi Juni na Julai, baridi ya kwetu ikirudi. Msimu wa joto, khanga ya pamba inatosha. Kata doti, unga vipande viwili kwa upande mrefu, utapata kama sentimita 150 kwa 220. Chunguza uzi kwanza, maana khanga za poliesta zipo sokoni. Foronya nazo ziwe za pamba. Chandarua usikitoe, chagua cha pembe nne kisichokugusa mwili, na feni ipulize kutoka ubavuni.

Hatua ya 6: Fua vizuri

Shuka jipya lifue kabla ya kulilalia, litoe ule wanga wa kiwandani unaozuia kunyonya maji. Dawa za kulainisha nguo ziache, huacha utando kwenye nyuzi. Kama mnatumia kisima cha maji ya chumvi, suuza mara mbili, la sivyo mabaki ya sabuni yatalikakamaza. Upepo wa vumbi ukianza, anika barazani. Uwe na jozi mbili za kubadilishana, na shuka lililoloa jasho lisisubiri wiki iishe.