Jinsi ya Kutazama Sepak Takraw katika Michezo ya Asia na Kuuelewa Mchezo Wenyewe

Sepak takraw ni mpira wa wavu unaochezwa kwa miguu, magoti, kifua na kichwa, na jukwaa lake linalofahamika zaidi ni Michezo ya Asia, ambako umekuwa ukishindaniwa tangu Beijing mwaka 1990, kabla ya wanawake kuingizwa Bangkok mwaka 1998. Kwa kuwa haumo katika Olimpiki, watazamaji wengi wa Afrika Mashariki hukutana nao kwa bahati tu, kupitia vipande vifupi vya video vinavyoonyesha pigo la mwisho pekee: mchezaji amejirusha hewani kwa tikitaka na kuushindilia mpira upande wa pili wa wavu. Pigo hilo linastahili sifa zote linazopewa, lakini anayelitazama hilo peke yake hatajua kwa nini timu moja imeshinda na nyingine imeshindwa. Mwongozo huu unaeleza mahali pa kuelekeza macho, na kwa maoni yangu macho yanapaswa kuanza kazi mapema zaidi, pale mpira unaporushwa kwa mkono ili pointi ianze.

Kabla ya mechi, kijue kiwanja. Kina urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, vipimo vilevile vya kiwanja cha badminton cha wachezaji wawili wawili, na katikati yake wavu umefungwa kwa kimo cha mita 1.52 kwa wanaume na mita 1.42 kwa wanawake. Katika kila nusu limechorwa duara dogo lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, na pale mstari wa kati unapokutana na mistari ya pembeni imechorwa robo duara kwa kila upande. Alama hizi ndizo zitakazokuonyesha nani anafanya nini. Mpira, ambao zamani ulisukwa kwa henzerani na siku hizi husukwa kwa nyuzi za plastiki, una mashimo 12 na makutano 20 ya nyuzi. Ule wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 170 na 180, na wa wanawake ni mwepesi kidogo, ingawa mzingo wake ni mkubwa zaidi kwa sentimita moja hivi.

Katika mashindano ya regu, ambayo ndiyo mzizi wa mchezo, kila upande una wachezaji watatu. Wa nyuma huitwa tekong, naye ndiye anayeanzisha mpira. Wawili wa mbele husimama kushoto na kulia: mmoja kazi yake kuu ni kuuinua mpira karibu na wavu, na mwenzake kazi yake ni kuupiga. Hawazungushwi nafasi kama wachezaji wa mpira wa wavu wa mikono, kwa hiyo ukishamtambua mlishaji na mpigaji wa kila timu katika dakika za kwanza, utaweza kuwafuatilia hadi mwisho wa mechi.

Sasa tazama mpira unavyoanzishwa. Tekong huweka mguu mmoja ndani ya lile duara dogo, na mwenzake aliye katika robo duara humrushia mpira kwa mkono. Hii ndiyo nafasi pekee ambayo mkono unaruhusiwa kuugusa mpira katika uchezaji wa regu. Tekong hunyanyua mguu wa pili hadi usawa wa kichwa chake au juu zaidi, akaupiga mpira ukiwa bado juu ili uvuke wavu kwa kasi ukielekea chini. Watu humtazama tekong, nao wana haki, kwa maana unyumbufu wa nyonga unaohitajika hapo ni wa ajabu. Hata hivyo mtazame pia anayerusha. Mpira ukija chini mno au ukiachana na mguu hata kidogo, tekong hulazimika kuurekebisha mwili wake, na pigo linalotoka huwa la kuuvusha mpira tu, si la kushambulia. Timu zilizozoeana hurusha mpira mahali palepale, kwa kimo kilekile, kutoka pointi ya kwanza hadi ya mwisho, hata jasho likiwa limelowanisha mikono na matokeo yakiwa sare. Mrushaji akikanyaga mstari, akinyanyua mguu au akigusa wavu wakati wa kurusha, mwamuzi huwapa wapinzani pointi, na makosa ya namna hii huongezeka pale mechi inapokuwa ngumu.

Baada ya hapo hamishia macho upande wa wanaopokea. Timu ina miguso isiyozidi mitatu kabla ya kuurudisha mpira, lakini mchezaji mmoja anaweza kuutumia zaidi ya mgusano mmoja mfululizo, jambo lisiloruhusiwa katika mpira wa wavu wa kawaida. Ndiyo sababu utamwona mpokeaji akiutuliza mpira kwa upande wa ndani wa mguu, kisha yeye mwenyewe akaupeleka mbele kwa mguso wa pili. Kila mtoto aliyewahi kupiga danadana atautambua ustadi huo, isipokuwa hapa mpira unakuja kwa kasi ya teke lililokusudiwa kumshinda mpokeaji. Mguso wa kwanza ukipaa karibu na wavu na kutulia, shambulizi limeshakamilika kwa nusu. Ukitoroka kuelekea pembeni, mpigaji hata awe hodari kiasi gani atalazimika kuuvusha kwa kichwa au kwa wayo bila madhara. Ninashauri uhesabu moyoni, kwa seti moja tu, mara ngapi kila timu imepokea vizuri mpira wa kuanzishwa. Mara nyingi utamjua mshindi kabla ya ubao kuonyesha.

Pigo lenyewe huja kwa namna mbili kubwa. Katika ile ya kwanza mpigaji huupa wavu mgongo, akaruka, akajizungusha hewani na kutua kwa miguu yake baada ya kuupiga mpira kupitia juu ya bega. Katika ya pili hupiga mpira kwa mguu unaopita juu ya kichwa bila mzunguko kamili wa mwili, na hapo mpira huweza kuwa wa mkato au wa kudokoa taratibu nyuma ya mzuiaji. Mzuiaji naye huruka sambamba, mara nyingi akiwa amegeuza mgongo na kunyanyua mguu, kwa sababu hana mikono ya kuzuia nayo. Mpira ukigusa mkono wa mchezaji wakati wa mchezo, hata kwa bahati mbaya, pointi imepotea. Vivyo hivyo kuugusa wavu.

Kuhusu hesabu ya pointi, katika michezo ya Hangzhou iliyofanyika mwaka 2023, ambapo sepak takraw ilichezewa mjini Jinhua, mshindi alikuwa wa kwanza kuchukua seti mbili, na kila seti iliishia pointi 21; matokeo yakiwa 20 kwa 20, ilihitajika tofauti ya pointi mbili, lakini kikomo kilikuwa 25. Kila mpira uliochezwa huzaa pointi bila kujali nani aliuanzisha. Urefu wa seti ni kanuni ambayo shirikisho la kimataifa limekuwa likiibadilisha, hivyo soma kanuni za mashindano husika kabla ya kuanza kutazama.

Mashindano yenyewe hayako ya aina moja. Zaidi ya regu, ipo regu ya timu, ambamo nchi huleta regu tatu na kuhitaji kushinda mbili, na hapo mpangilio wa regu ipi itangulie ni uamuzi mzito wa kocha. Upo pia mchezo wa wanne kwa wanne. Usiamue nani ni hodari kwa kuhesabu medali pekee, kwa kuwa nchi haziingii katika mashindano yote. Thailand, ambayo hakuna nchi inayoikaribia katika historia ya mchezo huu, ilishinda dhahabu nne Jinhua, huku dhahabu za wanne kwa wanne zikienda Myanmar kwa wanaume na Vietnam kwa wanawake. Mwaka 2018 huko Palembang, Malaysia ilitwaa dhahabu ya regu ya wanaume kwa mara ya kwanza tangu 1994, na Indonesia ikashinda ile ya wanne kwa wanne mbele ya mashabiki wake. Wafuatilie pia India, waliopata shaba yao ya kwanza Palembang kwa regu ya timu ya wanaume, kisha wanawake wao wakapata shaba ya regu Jinhua. Ni dalili kwamba nchi iliyo nje ya Kusini-Mashariki mwa Asia inaweza kujifunza mchezo huu na kufika jukwaani.

Michezo ijayo imepangwa kufanyika Aichi na Nagoya, Japani, kuanzia Septemba hadi Oktoba 2026. Japani imetangulia Afrika Mashariki kwa saa sita. Mechi ya saa tatu asubuhi huko ni saa tisa usiku Dar es Salaam na Nairobi, lakini ya saa nane mchana ni saa mbili asubuhi kwetu. Ukiwa na nafasi ya kutazama mechi moja tu, chagua nusu fainali ya regu ya wanawake: mpira wao ni mwepesi zaidi, mabadilishano huwa marefu, na utapata muda wa kumwona mrushaji, mpokeaji na mlishaji wakifanya kazi zao kabla mpigaji hajaruka.