Soma Jina la Pili Kabla ya Kununua Mbegu au Dawa ya Magugu

Ukiulizia dawa ya ndago, muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza: ndago ipi? Zinazosumbua sana mashambani ni mbili, na wakulima wengi huziita kwa jina moja. Lebo huzitenganisha kwa Kilatini: Cyperus rotundus na Cyperus esculentus. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, la pili ni la spishi yenyewe, yaani mmea mahususi ndani ya kundi hilo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliutumia mtindo huu kwa mimea yote aliyoiorodhesha mwaka 1753, na hadi leo ndio unaotumika.

Rotundus maana yake ni mviringo, esculentus ni inayolika. Sifa zote mbili ni za viazi vidogo vilivyo ardhini. Chimba uone. Vya rotundus vimefuatana kama shanga uzini, vya esculentus hukaa kimoja kimoja kwenye ncha ya uzi. Kwa hiyo ukiilima rotundus kwa jembe bila kuokota viazi na kuvianika juani, unaukata uzi tu, na kila kiazi kilichoachwa kinaweza kuchipua peke yake. Palizi ya namna hiyo hueneza ndago badala ya kuimaliza.

Mwisho wa neno usikubabaishe. Sativus ya tango, sativa ya mpunga na sativum ya kitunguu saumu ni neno lilelile, "inayopandwa", linalobadilika kufuata jenasi. Repens hutambaa, spinosus ina miiba.

Lakini jina si cheti cha usalama. Muhogo ni Manihot esculenta, na muhogo mchungu wenye sumu huitwa hivyohivyo. Pilipili ni Capsicum annuum, ya mwaka mmoja, ingawa pasipo baridi kali huishi zaidi ya hapo. Mkwaju nao ni Tamarindus indica, "wa India", ilhali asili yake ni Afrika. Waliotoa majina walikuwa wakikisia kama sisi.

Jina la Kilatini halikuambii aina ya mbegu pia. Aina huandikwa baada yake, ndani ya alama za kunukuu, na ndiyo inayoamua muda wa kukomaa na ustahimilivu wa magonjwa. Ukikuta "spp." kwenye lebo ya dawa, inazungumzia spishi kadhaa za jenasi hiyo, si lazima zote, muulize muuzaji kama ya shambani kwako imo. Nenda na gugu zima, lenye ua na mizizi, maana jani tupu halitoshi kulitambua.