Kabla Hujashika Njia ya Kigoma: Breki Hukaguliwa Nyumbani

Ukitoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, sehemu kubwa ya safari ni miombo na ardhi tulivu. Gari linateleza lenyewe, mguu unasahau kwamba kuna breki. Kisha unafika Mwandiga, barabara inaanza kuteremka kuelekea ziwani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, na sehemu ya tofauti hiyo unaishuka pale pale mwishoni, gari limejaa na dereva kachoka.

Mimi nilishuka pale miaka kadhaa iliyopita nikiwa na abiria sita na mizigo, mguu umeganda kwenye breki. Katikati ya mteremko pedeli ikalainika, ikazama hadi karibu na sakafu. Niliikanyaga mara kadhaa harakaharaka, nikarudisha gia hadi namba mbili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo. Gari likasimama kando ya barabara, moshi unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Kilichotuponza ni mafuta ya breki ambayo sikuwahi kuyabadilisha tangu ninunue gari lile.

Kwa hiyo anzia hapo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mirija, na mvuke hubonyea kwa namna ambayo mafuta hayabonyei. Mguu unakanyaga, nguvu inaishia kwenye mvuke, padi haziibani diski. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 hata kama kikopo chake chini ya boneti bado kimejaa. Kikipungua usiongeze tu ukaondoka: ama padi zimelika ama kuna mahali panavuja, na vyote viwili ni vya kujua ukiwa bado mjini. Soma pia kifuniko cha kikopo, maana DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Padi zikibaki milimita 3, zitoe. Simama karibu na fundi wakati anavua gurudumu, uone kwa macho yako. Kuambiwa kwamba breki ziko sawa na mtu ambaye hajagusa spana si ukaguzi, na hili nalisema kwa kuwaheshimu mafundi, kwa sababu fundi mzuri hupenda mteja anayetazama. Breki za ngoma za nyuma zifunguliwe pia. Vumbi letu hujaa mle ndani, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kulitoa.

Lakini hata breki mpya kabisa kazi yake huishia kwenye gurudumu. Kinacholisimamisha gari ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja tu. Tairi kipara wakati wa masika hupanda juu ya maji badala ya kuyakata, na hapo hata usukani hauna la kufanya. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kina cha meno kuwa milimita 1.6, ila mimi kwa mvua za Novemba hadi Aprili sikubali chini ya 3. Ukinunua tairi la mtumba, tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo pima asubuhi kabla tairi halijapata moto, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Baada ya gari, jikague na wewe, hasa mwendo unaokusudia kwenda. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone ng'ombe hadi mguu ubane breki. Kwa kilomita 80 kwa saa, muda huo pekee umekula mita 33. Ongeza mita 35 hivi za breki kwenye lami kavu na tairi nzuri, jumla ni mita 68. Sasa chukua gari la pili, linakwenda 100, madereva wote wawili wamemwona ng'ombe yule yule kwa wakati mmoja. Pale ambapo la kwanza limesimama, la pili bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia nikidhani nimekosea. Sababu yake ni kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Njia hii ina mifugo, baiskeli za mkaa na malori ya tumbaku yaliyoharibika bila taa. Panga muda wa kuondoka ili usilazimike kukimbiza gari jioni.

Kwenye changarawe na tope umbali huo huongezeka sana. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikimbizwa kwenye barabara za namna hii, na funzo la madereva wa mashindano linatufaa sisi tusioshindana: punguza mwendo gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Mshiko wa tairi ni kama debe moja la mahindi. Ukilimaliza lote kwenye breki, la kukata kona hakuna. Kama gari lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kanyaga kwa nguvu na usiachie hata pedeli ikitetemeka mguuni. Kama halina, ukisikia magurudumu yamejifunga, legeza kidogo ndipo ubane tena. Na ujue kwamba kwenye changarawe ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa hiyo isikupe ujasiri wa bure.

Mikanda ijaribiwe yote, ya nyuma pia, kwa kuivuta ghafla uone kama inakamata. Tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain, gari la mashindano ya Formula One la dereva Romain Grosjean liligonga kizuizi, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Alitoka kwa miguu yake, mikono imeungua. Mkanda, kofia, nguo zisizoshika moto na ule upinde wa kulinda kichwa ulioanza kutumika 2018, vyote vilikuwa mahali pake kabla hajawasha injini. Sisi wa magari ya nyumbani tuna mkanda tu, basi tuufunge. Mtoto asipakatwe: gari likigonga kwa kilomita 50, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvuta kama mzigo wa kilo 200, na hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia hilo. Wakati wa kurudi, madumu ya mawese na magunia ya dagaa yafungwe kwa kamba imara, yasikae wazi nyuma ya vichwa vya watu.

Mizigo ikishapangwa, toka nje ya mji, tafuta kipande kitupu cha barabara, fika mwendo wa kilomita 40 kwa saa na ukanyage breki kwa nguvu. Gari likivuta upande mmoja, au pedeli ikiwa laini, rudi gereji siku hiyo hiyo. Ukifika Mwandiga, ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishike gari, na breki uikanyage na kuiachia badala ya kuilalia. Ukinusa harufu ya kitu kinachoungua, egesha pembeni, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, usimwagie maji diski iliyo moto, subiri ipoe yenyewe.