Gari ya mzee imelala miaka, usikimbilie stata: namna ya kuiamsha hatua kwa hatua

Kabla hata hujatafuta spana nikwambie hivi, ukiachiwa gari ya familia iliyokaa miaka bila kuwashwa, mkono utakuwasha kuzungusha ufunguo. Usizungushe. Mimi nilizungusha. Ilikuwa gari ya mzee aina ya saluni, silinda nne, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), imelala kama miaka sita chini ya turubai, nikafunga betri mpya nikapiga stata, ikakohoa ikawaka, nikashangilia kama dakika moja hivi alafu ikazima, na hapo ndo zikaanza wiki nne za kusafisha takataka ambazo nilizinyonya mwenyewe kutoka chini ya tangi mpaka ndani ya kabureta. Siku hizi mpangilio wangu ni mmoja tu: iwake bila kujiumiza, isimame, itembee, alafu ndo ipendeze. Wengi wanaanza na rangi, mwisho wa siku una gari inayong'aa isiyotoka uani.

Kingine, usiifungue yote kwa mpigo. Gari nyingi za kujifurahisha zinafia kwenye makopo ya nati. Fungua sehemu moja, piga picha kwa simu kabla hujagusa na kila hatua unayotoa kitu, weka bolti kwenye kimfuko andika zinatoka wapi, rudishia, ndo uende sehemu nyingine. Na tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako hiyohiyo, maana vipimo vya kukaza bolti, nafasi ya plagi, aina ya oili, vyote viko humo.

HATUA YA 1: Ikague kutu kwanza

Kutu ndo inaamua kama una mradi au una chuma chakavu. Injini inatengenezeka, lakini chesisi iliyoliwa sehemu zinaposhika springi ni kazi nyingine kabisa. Inua kapeti zote, angalia sakafu, chini ya betri, chini ya milango kwenye ile mihimili ya pembeni, kwenye matao ya matairi na mahali shokapu zinapojifunga juu. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya karatasi. Chukua na sumaku uifunge kitambaa ili isikwaruze, upitishe kwenye bodi, ikigoma kushika ujue hapo kuna puti nene (ile lami ya kuzibia mashimo ya bodi) na mtu alishaficha kitu.

Ukihitaji kuingia chini, jeki ni ya kuinulia tu. Gari ikae kwenye stendi, juu ya sakafu ngumu, na matairi yaliyo chini yawekewe vizuizi. Tofali hapana, linapasuka bila kukuaga.

HATUA YA 2: Injini, kwa mkono kabla ya stata

Fungua boksi la filta ya hewa kwanza. Cheka tu, lakini panya wanapapenda humo, mimi nilitoa kiota kizima. Chomoa kijiti cha oili uangalie: nyeusi sio tatizo, ila ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, mara nyingi ni gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini), japo gari iliyokaa sana inaweza kupata kiasi kidogo kwa unyevu tu.

Toa plagi zote, kila moja na namba ya silinda yake. Mwaga oili kidogo kwenye kila tundu, kama kijiko cha chai au viwili, uache ilale usiku mzima, hiyo inalainisha ringi zilizogandana na kuta za silinda. Kesho yake weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), gia iwe fri, uzungushe taratibu kwa upande injini inaozungukia, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usitumie nguvu, ongeza oili ya kupenya usubiri siku kadhaa. Nishaona mtu kaongezea bomba kwenye mpini wa wrenchi, akavunja kitu ambacho kingeachia chenyewe baada ya wiki.

Ikizunguka, badilisha oili na filta yake. Alafu plagi zikiwa bado nje, na waya wa koili umechomolewa ili moto usitoke, funika vile vitundu na kitambaa upige stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi, na ndo siri yote ya kuamsha injini.

Kama injini yako inatumia taiming belti badala ya cheni, ibadilishe kabla ya kuiwasha. Usiniambie imetembea kilometa chache, belti ni mpira na mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Kwenye injini nyingi ikikatika pistoni zinakutana na valvu, na hapo utaijutia ile belti.

HATUA YA 3: Mafuta, hapa ndo nilipokosea

Petroli ya zamani utaijua kwa harufu, inanuka kama rangi ya mafuta. Sehemu nyepesi imeshapaa, iliyobaki inaganda kama gundi kwenye vitundu vidogo. Itoe yote. Kama tangi lina kutu lishushe ulisafishe, usijidanganye kwamba filta itamaliza. Fanya kazi hii nje, betri imefunguliwa, hakuna anayevuta sigara, na tangi tupu usilikaribie na moto wa aina yoyote maana mvuke uliobaki ndani ni hatari kuliko petroli yenyewe.

Hosi za mpira badilisha zote. Petroli ya nchi nyingi siku hizi ina ethanoli na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake, inalainika na kupasuka. Weka filta mpya, ile ya plastiki inayoonyesha ndani ikiwezekana, wiki ya kwanza utakuwa unaichungulia kila saa.

Kabureta ifungue juu ya sinia jeupe. Kila jeti ina namba na nafasi yake, usizichanganye. Safisha kwa spreyi ya kabureta na upepo wa kompresa, usichokoe na waya, tundu ukilipanua kidogo tu injini itakunywa mafuta milele na hutajua kwa nini. Angalia floti (lile boya dogo) haijaingia mafuta ndani na sindano yake inafunga vizuri. Gari ya injeksheni, isiyo na kabureta bali noseli za kupulizia petroli, ni rahisi kidogo, sikiliza pampu inavyolia ukiwasha swichi na upime presha kabla ya kulaumu noseli.

Kama gari ni ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo kwenye magari iliisha duniani kote 2021, jua kwamba risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosti, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Ukiendesha taratibu viti haviishi haraka, ila cheki nafasi za valvu mara kwa mara, zikiwa zinapungua kila ukipima basi viti vinaliwa na hedi itahitaji kuwekewa viti vigumu.

HATUA YA 4: Umeme

Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka utegemee kati ya 13.8 na 14.5 hivi, chini ya hapo oltaneta au belti yake ina shida, ikipita 15 regyuleta imekufa na itachemsha betri.

Gari za zamani nusu ya matatizo yake ya umeme ni negativu mbovu, sio kifaa chenyewe. Yangu stata ilikuwa inazunguka kivivu, nikataka kununua nyingine, kumbe ule waya mnene kutoka injini kwenda bodi umeoza chini ya bolti. Pima hivi: mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi 0.2 au 0.3 una upinzani hapo, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Na fyuzi ikikatika tafuta sababu, usiweke kubwa zaidi.

HATUA YA 5: Maji, alafu iwashe

Suuza rejeta na bloku mpaka maji yatoke safi, weka hosi mpya na mfuniko mpya, maana mfuniko ndo unashika presha inayozuia maji kuchemka mapema. Tumia kuulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, maji ya bomba peke yake yanaleta kutu ndani. Hiyo kuulanti ni tamu na inaua mbwa na paka, iliyomwagika ifute. Thamostati usiitoe ukaitupa kama mafundi wengi wanavyoshauri, injini inayokaa baridi inachakaa haraka, weka mpya tu.

Sasa washa. Nje kwenye hewa, sio ndani ya gereji iliyofungwa, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima. Moshi wa bluu mwanzoni ni ile oili uliyomwaga kwenye silinda, utaisha, lakini ukiendelea baada ya nusu saa ni ringi au sili za valvu. Mweusi, mafuta yamezidi. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, rudi kwenye gasketi ya hedi. Iache inguruma mpaka feni iingie au hosi ya juu iwe ya moto, huku unazunguka na tochi kutafuta panapovuja.

HATUA YA 6: Breki, usiruke hata kimoja

Injini imewaka, watoto wameshaingia siti ya nyuma, kila mtu anataka mzunguko mmoja tu. Hapana. Hiki ndo kipande ambacho sina utani nacho.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, ndo maana yanabadilishwa kila miaka miwili hata kama gari haitembei. Yaliyokaa muda yameshaleta kutu kwenye silinda za ndani. Fungua tairi zote. Kwenye drami, kunja ile mipira ya vumbi ya silinda ndogo, ukiona unyevu ndani inavuja, badilisha. Vumbi la humo usilipulize kwa upepo, shuu (vile vipande vinavyobana drami) za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, lowanisha kwa spreyi ya breki ufute na kitambaa utupe. Kwenye disiki, pistoni ya kalipa irudi ndani kwa kuisukuma bila kupigana nayo.

Hosi za mpira ni wasaliti. Nje nzima, ndani zimevimba, mafuta yanaenda hayarudi, tairi inabaki imeshikwa. Zibadilishe zote bila kujiuliza. Mabomba ya chuma yafuate mpaka nyuma, yenye vidonda vya kutu yatoke.

Kutoa hewa: anza tairi lililo mbali na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), kwa kawaida, ila kitabu chako kikisema vingine kifuate, kuna gari zimegawa breki kwa mshazari. Mwenzako akanyage na kushikilia, wewe ulegeze nipeli (kile kibolti cha kutolea hewa), ukaze kabla hajaachia mguu. Na hili hawakwambii: weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta silinda iliyozeeka ina kutu sehemu ambayo mpira haujawahi kufika, ukikanyaga mpaka mwisho mpira unapita juu ya kutu unachanika, na breki zilizokuwa nzuri zinaanza kuzama. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanachanganyika, DOT 5 ya silikoni usichanganye na hizo. Na yakidondokea rangi osha na maji hapohapo.

Matairi soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama namba ni tarakimu tatu, hilo tairi limetoka kabla ya 2000, hata kama lina meno mazuri libaki kuwa bembea. Ukishafunga rimu, kaza tena nati baada ya kilometa kama 50 hadi 100.

HATUA YA 7: Kutu na rangi

Fupi hapa. Kwangua mpaka chuma cheupe, kilichotoboka kikatwe kiwekewe bati jipya kwa kuchomelea, puti sio bati. Kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, alafu praima ya zinki, alafu rangi. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya, hivyo vikiziba mlango unaoza kutoka ndani.

KUITUNZA IKISHATEMBEA

Itoe kila baada ya wiki mbili tatu, na uiendeshe nusu saa mpaka ipate moto kweli. Kuiwasha dakika tano uani ni kuiumiza, maji na petroli vinabaki kwenye oili na ekzosti inaoza. Oili badilisha kila mwaka hata kama kilometa hazijafika.

Ukijua utaiacha miezi, jaza tangi ili unyevu usipate nafasi, fungua negativu ya betri au iunganishe na chaja ndogo ya kutunzia, ongeza upepo kidogo kwenye matairi. Handbreki usivute, weka gia na vizuizi kwenye matairi, la sivyo shuu zitagandana na drami, nawe utarudi kuigonga na nyundo kama nilivyoigonga mimi.