Kuchagua mkanda na klachi: Norton Commando na Triumph

Mkanda tunaouzungumzia hapa ni ule unaochukua nafasi ya mnyororo wa praimari, yaani unaopeleka nguvu ya injini kwenye klachi ndani ya kasha la praimari. Kabla hujaagiza chochote kwa pikipiki hizi za Uingereza, kagua mambo mawili: giaboksi ya pikipiki yako inasogea au imetulia, na oili ya injini inapita wapi.

Norton Commando (1967 hadi 1977) ndiyo rahisi. Giaboksi yake husogezwa kwa bolti ya kurekebishia, kwa hiyo mlegeo wa mkanda unaupanga mwenyewe. Uache ulegee. Injini ikipata moto, makasha ya aluminiamu hutanuka, puli (magurudumu yanayobeba mkanda) zinaachana na mkanda unakaza. Ukiukaza injini ikiwa baridi, utakula beringi za kranki na za shafti kuu ya giaboksi. Anza na mchezo (kiasi mkanda unavyopanda na kushuka ukiusukuma) wa milimita 10 hivi katikati ya mkanda. Zungusha injini pole pole, upime pale unapokaza kuliko kwingine. Kaza nati za giaboksi, kisha pima upya, kwa sababu giaboksi hupenda kuhama nati zinapokazwa. Ukitoka kuendesha, gusa tena mkanda ukiwa wa moto: lazima mchezo uwe umebaki.

Triumph T120 ya kuanzia 1963 na T140 ni habari nyingine. Injini na giaboksi viko kasha moja, hakuna cha kusogeza, hivyo nunua seti iliyopimwa kwa modeli yako hasa. Kuanzia modeli za 1970, injini hizo hupumulia (hutolea hewa na mvuke wa oili) ndani ya kasha la praimari kupitia matundu madogo matatu. Mkanda unataka kasha kavu. Ziba matundu hayo, rudisha sili ya kranki, na utafutie injini njia nyingine ya kupumua. Ukiruka hatua hii, oili itajaa kwenye klachi na klachi itateleza.

Klachi nayo iwe na pleti za kufanya kazi bila oili. Kwenye Commando, oili ya giaboksi hutambaa kwenye fimbo inayosukuma klachi hadi kwenye pleti, basi weka sili ya fimbo hiyo wakati kasha liko wazi. Pima pia unene wa pleti zote zikiwa zimepangwa pamoja: zikiwa nyembamba mno, mkono wa klachi unakuwa mzito.

Mwisho weka rula ngumu iliyonyooka kwenye nyuso za puli zote mbili. Ukiona vumbi jeusi upande mmoja wa kasha, mkanda unasagika ukingoni. Ongeza au punguza washa nyembamba (vipete vya chuma) nyuma ya klachi hadi puli zilingane.