Panda pale unapopita: bustani ya mbele ya nyumba

Kieneo changu kina mita 3 kwa 4, kati ya mlango na lango. Kinanilisha mboga kwa sababu moja kubwa: napita hapo asubuhi na jioni. Bill Mollison na David Holmgren, walioanzisha permakalcha (kilimo kinachoiga mazingira ya asili) kule Australia miaka ya 1970, walitilia mkazo sana jambo hili. Mmea unaotaka kuangaliwa kila siku hukaa karibu na mlango. Kwangu vitunguu vya majani na mboga za kuchuma viko kando ya njia, mkono unavifikia bila mguu kukanyaga tuta. Maboga yametambaa uzioni, maana yanaweza kukaa siku kadhaa bila kutazamwa.

Usipande kwanza. Andika jua linafika wapi na saa ngapi. Nyanya zinataka saa 6 au zaidi za jua kamili, mboga za majani huvumilia saa 4. Mvua ikinyesha, toka ukatazame maji. Yangu yote yalikuwa yanakimbilia barabarani, na iliniuma. Paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10 za mvua hushusha lita 200 hivi! Nikaweka pipa lenye mfuniko, na mfereji mfupi wa kupeleka yanayofurika kwenye matuta.

Kama nyumba ni ya zamani au iko kando ya barabara, pima udongo kama una madini ya risasi. Petroli yenye risasi ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, lakini risasi haiozi. Iliyotua ardhini ingalipo, pamoja na ile ya rangi kuukuu. Ikiwa imezidi, panda kwenye masanduku yenye udongo safi.

Sasa tuta lenyewe. Mimi silimi. Fyeka nyasi uziache palepale, kisha tandaza maboksi yasiyo na gundi ya plastiki wala rangi ya kung'aa, yapandane sentimita 15 ili magugu yasipenye. Yaloweshe mpaka yalegee. Hatua hii usiiharakishe, boksi kavu huzuia maji yasishuke. Juu weka mboji sentimita 10, halafu matandazo ya nyasi kavu au majani makavu. Miche ipande siku hiyohiyo ndani ya mboji, na matandazo yasiguse shina, litaoza. Karoti zisubiri msimu wa pili, boksi likishaoza.

Changanya mimea: mirefu, mifupi, inayotambaa. Maharage nayapenda kuliko yote, kwa kuwa bakteria wa mizizini huvuta naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka hewani. Yakikauka usiyang'oe. Yakate usawa wa udongo, mizizi ibaki, na mabua yalaze juu ya tuta hapohapo.