Simu ya lipa mdogo mdogo: piga hesabu kwanza

Ukiingia duka la simu pale Kondele, Kisumu, utaambiwa "dipoziti elfu tatu, halafu sabini na tano kila siku kwa mwaka", na kwa masikio hiyo ni pesa ya chai tu. Toa kalkuleta hapo hapo. 75 mara siku 365 ni 27,375, ongeza ile 3,000 unapata 30,375, sasa uliza bei ya kash ya simu hiyo hiyo, tuseme ni 17,000, basi mkopo wenyewe unakula 13,375.

Marekani walizoea mkataba wa miaka 2, simu unapewa bei ya chini lakini gharama imejificha kwa bili ya kila mwezi na ukitoka mapema unapigwa faini, kampuni ya simu ya T-Mobile waliachana na hiyo 2013. Huku angalau deni unaliona, shida ukikosa kulipa simu inalokiwa, yaani inafungwa usiweze kuitumia, na mtu wa boda akilokiwa asubuhi wateja watampata wapi?

Kabla ya kusaini uliza: nikimaliza mapema napunguziwa? Ikiibiwa, deni linaendelea? Na ukinunua ya mkono wa pili, muuzaji akuonyeshe kwanza meseji ya kumaliza deni.